Utupa, majani yauayo samaki

Utupa ni mmea ambao wengi wenu mmepita kando yake mara nyingi pasipo kuutazama. Wabemba huuita ububa, na Wanyarwanda umuruku. Ni wa jamaa moja na maharage na karanga, ingawa wapita kimo cha mtu. Majani yake yana vinyweleo laini kama hariri, na maua yake, meupe au ya zambarau, yapendeza kweli.

Wazee waliujua tangu zamani. Wakati wa kiangazi, mto ubakipo madimbwi, watu hutwanga majani, huyatia vikapuni na kuyatikisa majini. Punde si punde samaki huhangaika, hupanda juu wakitafuta pumzi, kisha hugeuka matumbo juu. Sumu ile, iitwayo rotenoni, huingia kwa mashavu ya samaki na kuuzuia mwili wake usiweze kuitumia hewa ya oksijeni. Hivyo samaki hukosa pumzi katika maji yenye hewa tele. Mtu amlaye akiisha kupikwa, kwa kawaida hadhuriki, na ndiyo sababu uvuvi huo ulipendwa.

Lakini hebu tutazame dimbwi baada ya watu kwenda zao na vikapu vilivyojaa. Wavu una matundu, na mtoto wa samaki hupenya. Utupa hauna tundu. Hufa wakubwa, hufa wadogo, hufa na vijidudu ambavyo samaki huvila. Jua huivunja sumu kwa siku chache tu. Samaki wa mwaka ujao, je, watatoka wapi? Na wale wakaao chini ya mto wamekosa nini?

Sisi twaona kwamba mahali pa utupa ni shambani. Majani yake huirutubisha ardhi. Yakikaushwa kivulini, yakasagwa na kuchanganywa na maharage makavu, huwazuia wadudu watoboao mbegu ghalani. Anayesaga afunike pua na kinywa, kwani unga huo si wa kuvuta; na maharage yaoshwe vema kabla ya kupikwa.

Tena si kila utupa una nguvu. Mwaka 2012 wataalamu walitangaza kwamba miti mingine ya utupa haina rotenoni kabisa, ijapokuwa yafanana na mingine. Kwa hiyo anayetaka kupanda achukue mbegu za mti ambao majani yake yameonekana kuyalinda maharage ya jirani.