Friji likibadili mlio, angalia kwanza chakula cha mtoto

Friji likianza kunguruma kuliko kawaida, wengi hulipiga kofi ubavuni na kuendelea na shughuli. Ndani yake kuna maziwa ya mtoto, mboga ya jana na pengine insulini ya bibi.

Mngurumo huo mara nyingi hutoka kwenye kompresa, lile pipa dogo jeusi la nyuma, chini. Ndani mna mota, pampu na mafuta ya kulainisha, vyote vimefungwa pamoja. Mafuta hupunguza msuguano wa vyuma, huziba upenyo kati ya pistoni na silinda ili gesi isirudi nyuma, huondoa joto na hufifisha kelele.

Yakipungua, vyuma husagana. Friji hupiga kelele, hula umeme zaidi, na baridi hupungua.

Mafuta haya hayaongezwi mara kwa mara kama ya gari. Hupungua kwa kuvuja, au hutoka mahali pake friji linapolazwa wakati wa kuhama, yakaingia kwenye mabomba. Mzazi, lisafirishe likiwa wima. Likilazimika kulala, lisimamishe saa kadhaa kabla ya kuliwasha. Usiku kucha ni salama zaidi.

Si kila sauti ni ubovu. Mlio kama wa maji yanayobubujika ni gesi inayotembea, na mtetemo huenda ni friji kugusa ukuta au kusimama pasipo sawa. Lakini likigonga gonga, likifanya kazi bila kupumzika, au ukiona doa la mafuta kwenye bomba, mwite fundi. Asibahatishe: aina ya mafuta hutegemea gesi iliyoandikwa kwenye kibandiko. Gesi ya R600a hushika moto, hivyo usifungue mwenyewe.

Wakati ukimsubiri, weka kipimajoto ndani. Friji linapaswa kuwa nyuzi joto 4 au chini yake. Nyama, maziwa na chakula kilichopikwa vikikaa juu ya hapo zaidi ya saa 2, vitupe. Usitegemee kunusa wala kuonja. Vijidudu vingi vinavyoharisha watoto havibadili harufu wala ladha.

Insulini ambayo haijaanza kutumika huhitaji nyuzi 2 hadi 8. Ikiwa imepata joto, muulize mfamasia kabla bibi hajachoma sindano.