Ukijenga sinthesaiza yako, anza na ile 12

Wasee, kuna picha moja naiona kila wiki. Prodyuza mchanga, laptopu mbele yake, na kwa skrini kuna sinthesaiza imechorwa mbao pembeni, vifundo vya kung'aa, hata mikwaruzo ya uzee imechorwa. Mbao ya kuchora, manze. Mtu ako Kayole anazungusha kifundo kwa mausi ndiyo ahisi ako Marekani mwaka 1970.

Sina ubaya na 1970. Ndiyo mwaka Minimoog iliingia sokoni, na ile mashine ni kali mpaka leo. Shida ni kwamba orijino inauzwa maelfu ya dola. So ukitaka ile sauti, njia ya maana ni kuijenga kwa programu, na inawezekana kabisa na laptopu ya mitumba. Mimi naijenga yangu hapa Lodwar, jioni jua likishachoka. Bado haina jina. Lakini nikiangalia wenzangu wanaojenga, naona tunanakili kitu kisichofaa. Tunahangaika na mbao, umeme tunauacha.

Skiza. Sinthesaiza ya analogi haijui Do Re Mi. Inajua volti. Ndani kuna saketi inayotetemesha umeme, inaitwa osileta, na kasi ya kutetemeka inategemea volti unayoipa. Bob Moog alishika kanuni ambayo bado inatumika: ongeza volti 1, sauti inapanda oktava 1. Sasa kati ya volti 1 na volti 2 hakuna ngazi. Ni mteremko tu, na unaweza kusimama popote. Ile kibodi ya piano ni kitu kiliwekwa mbele yake kama geti, ikuchagulie mahali pa kusimama. Hata Wamarekani wenyewe hawakukubaliana juu yake. Miaka hiyo hiyo ya 1960, Don Buchla kule California hakutaka kibodi ya piano kwa mashine zake. Aliweka vibao vya kugusa na vidole.

Halafu 1983 ikaja MIDI. Noti zikapewa nambari, kutoka 0 hadi 127, na mashine za kampuni tofauti zikaanza kuelewana. Kazi safi. Lakini 60 ni Do ya katikati, 61 ni jirani yake, na 60 na nusu haiko. Kuna gurudumu la kupinda sauti, ndiyo, ila kwa MIDI ya kawaida ukilisukuma linaburuta noti zote za ile chaneli pamoja, kama mbuzi waliofungwa kamba moja.

Ingia sasa kwa kodi ya sinthesaiza (kodi ya kompyuta, si ile ya KRA). Mahali fulani utakuta mstari unaosema hivi: chukua nambari ya noti, toa 69, gawanya kwa 12, halafu zidisha 440 kwa 2 yenye kipeo hicho. Hapo ndipo noti inageuka kuwa mitetemo. Na hiyo 12 hakuna mtu anaiuliza swali. Imekaa pale kama sheria ya fizikia, kumbe ni uamuzi wa watu fulani, kwa ajili ya piano fulani.

Kompyuta yenyewe haiihitaji. Osileta ya programu ni nambari moja inayopanda kutoka 0 hadi 1, ikifika juu inaanguka na kuanza tena. Unaiongeza kidogo mara 44,100 kwa sekunde. Ukitaka mitetemo 220, unagawanya 220 kwa 44,100, unapata kama 0.00499, hiyo ndiyo unajumlisha kila hatua. Basi, umepata wimbi la msumeno. (Ukiliacha hivyo litapiga miluzi ya ajabu kwa noti za juu, kwa sababu chochote kinachopita mitetemo 22,050 kinarudi chini kama sauti ya uongo. Kuna hila ya kulainisha ile kona ya msumeno, itafute, si ngumu.) Sasa weka 227.3 badala ya 220. Kompyuta italalamika? Haijali.

Mbona najali hivi? Kwetu ni Todonyang, kule juu kabisa ambako Ziwa Turkana linakutana na Ethiopia. Muziki niliokua nikiusikia ni koo, makofi na miguu inayokanyaga kwa edonga, watu wakiruka. Mwanaume ana jina alilolipata kwa maksai wake anayempenda, na anamtungia nyimbo. Hakuna piano mahali popote kwa hiyo hadithi. Shangazi yangu akiimba, sauti yake haifiki kwa noti na kukaa. Inaikaribia, inaizunguka, inashuka kidogo mwisho wa mstari. Huo mshuko ndio wimbo wenyewe.

Nilimrekodi kwa simu, nikapeleka kwa studio moja tutengeneze biti. Jamaa akafanya kile kila mtu anafanya: akawasha kirekebisha sauti, kila kitu kikavutwa kwa noti iliyo karibu, kati ya zile 12. Akaweka piano chini yake. Ilitoka safi, ukiuliza watu wa studio. Nikamwekea shangazi.

"Huyu anayeimba ni nani?"

"Ni wewe, shangazi."

"Mimi? Huyu hapumui."

Na kusema ukweli jamaa wa studio hakuwa na roho mbaya. Zana yake ilikuwa na nafasi 12 tu za kumweka shangazi yangu, na yeye hakuingia kwa yoyote. Ndiyo maana nasema hii si stori ya watu wa vifaa kubishana. Vijana wa Kakuma na Lodwar wanajifunza kutengeneza muziki kwa laptopu leo. Wimbo wa maksai ukiingia kwa faili, kile programu haiwezi kuandika kinabaki nje, na mtoto atakayeujua kupitia lile faili hatajua kuna kitu kilitolewa.

Sasa najua mtu atakuja na Hailu Mergia, na ana haki. Yule ni mpiga kinanda wa Walias Band ya Ethiopia. Alibaki Marekani baada ya ziara ya bendi, na mwaka 1985 akarekodi albamu peke yake kule Washington: akodiani, Rhodes, Moog, Yamaha DX7 na mashine ya ngoma. Vinanda vya dukani, vyenye noti 12 kama vya kanisa lenu. Na bado ukiskiza unasikia Ethiopia tupu. Baadaye akawa dereva wa teksi huko huko, mpaka ile kanda ilipotolewa upya mwaka 2013 dunia ikamkumbuka. Kwa hivyo zana si kila kitu. Nakubali. Lakini Mergia alikuwa na mkono. Miaka ya kupiga, vidole vinajua kuiba kati ya noti. Sisi tunabofya miraba kwa mausi. Mraba hauna mkono, kwa hivyo kile programu imekataza kimekatazwa kweli.

Na kuna mwingine ambaye sijui kwa nini hatufundishwi: Halim El-Dabh, Mmisri. Mwaka 1944 huko Cairo alirekodi sherehe ya zaar, wanawake wakiimba, kwa mashine iliyonasa sauti kwenye waya. Akaenda kwa studio ya redio akaondoa baadhi ya sauti, akaongeza mwangwi, mpaka ukabaki ule uvumi wa ndani wa sauti zao. Hiyo ni miaka minne kabla ya Pierre Schaeffer kule Paris, ambaye ndiye vitabu vinamsifu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 El-Dabh alikuwa Addis Ababa, akaanzisha Orchestra Ethiopia, ala za kienyeji za makabila tofauti jukwaa moja. Muziki wa elektroniki Afrika ulianza na sauti za watu, si na kinanda. Mtu akikuambia hizi mashine si za kwetu, mpe huo mwaka.

Hata Dar hawakungoja ruhusa. Sisso Studio pale Mburahati walichukua programu za kawaida, wakakimbiza vipande vya taarabu mpaka mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, ikawa singeli. Mwaka 2017 Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa mkusanyiko wao, Sounds of Sisso. Hakuna aliyeuliza kama zile mbao zimechorwa vizuri.

Kwa hivyo yangu iko hivi. Ile 12 nimeitoa. Mahali pake kuna jedwali ninalolijaza mwenyewe kutoka kwa rekodi, mitetemo mitupu, na kidole kwenye padi ya laptopu kinateleza kati yao bila geti. Filta ni ile ya Moog ya ngazi nne, ambayo hataza yake ilitolewa 1969. Hiyo naiheshimu, inafanya msumeno mkali usikike kama koo.

Halafu kuna joto. Mashine za zamani zilikuwa zinatoka kwa tuni zikipata joto, kwa sababu transista hubadilika. Kipimo cha volti kinahama kama asilimia 0.33 kwa kila digrii, na mafundi waliweka rezista maalum za kupambana na hilo. Leo watengenezaji wa programu wanatunga nambari za kubahatisha ili zao ziyumbe kidogo kama zile za zamani. Kubahatisha joto! Lodwar saa nane mchana hata simu inajizima yenyewe. Mimi nimeunganisha osileta ya pili na kipimajoto kilicho ndani ya laptopu. Mchana inayumba, usiku inatulia. Ukiskiza rekodi utajua ilifanywa saa ngapi.

Kama hutaki kuandika kodi, bado una pa kuanzia. Surge XT ni ya bure, kodi yake iko wazi, na inakubali mizani yoyote utakayoiandika. Khyam Allami, mwanamuziki wa asili ya Iraki, na studio ya Counterpoint walitoa Leimma na Apotome mwaka 2021, zinafunguka kwa brauza tu, bure pia, na zimejengwa kwa swali hili hili la nani aliamua noti ni 12.

Yangu bado inakwama ukibonyeza sauti zaidi ya nne kwa pamoja. Laptopu inapumua kwa shida. Nikishaitengeneza nitaweka faili hapa, na shangazi amesema ataimba tena, lakini anataka asikie mwenyewe kabla sijaipeleka popote.