Aplikesheni ya simu haiwezi kupata kinasa sauti kisicho na betri

Wakimbizi wanaoishi Ndera na mitaa mingine ya Kigali wanatuuliza: je, aplikesheni za kutafuta vinasa sauti vilivyofichwa zinafanya kazi? Mtu aliyekimbia kwao kwa sababu ya alichosema ana haki ya kuuliza. Ila jibu halitawafurahisha wanaoziuza.

Vinasa sauti vingi hutuma mawimbi ya redio, na mashine za wataalamu huyafuata mawimbi hayo. Vipo vingine visivyotuma chochote. Mwaka 1945 mjini Moscow, watoto wa Kisovieti walimzawadia balozi wa Marekani nembo ya nchi yake iliyochongwa kwa mbao. Ndani yake mlifichwa kikopo kidogo cha chuma chenye utando mwembamba, bila betri wala waya wa umeme. Mtu aliye nje ya nyumba alikielekezea mawimbi ya redio. Sauti za chumbani zilitikisa utando, na mawimbi yakarudi yamebeba maneno ya balozi. Mawimbi ya nje yakizimwa, kifaa kilikuwa kimya kama jiwe. Kiligunduliwa mwaka 1952, miaka saba baadaye.

Karibu na kwetu, gazeti la Le Monde liliripoti Januari 2018 kwamba maikrofoni zilikutwa chini ya meza na ndani ya kuta za makao makuu ya Umoja wa Afrika, Addis Ababa, jengo lililojengwa na China. China ilikanusha, na uongozi wa Umoja nao ukakanusha. Hata kwa maelezo ya gazeti, waliozipata ni wataalamu waliopekua vyumba, si simu ya mtu.

Nyingi ya aplikesheni hizo husoma sumaku tu, kwa kifaa kilekile kinachoendesha dira ya simu. Italia kwenye msumari, nondo za ukuta, hata spika ya redio. Mbaya zaidi ni ile inayoomba ruhusa ya kutumia maikrofoni yako. Hapo umejiwekea sikio mwenyewe.

Kifaa kama kile cha Moscow kinahitaji mtu na mitambo karibu na nyumba. Simu iliyo mezani haihitaji hayo. Kwa hiyo ukiitwa kwenye mahojiano au ushauri nasaha, omba simu zote zibaki nje, pamoja na ya afisa. Uliza kama unarekodiwa na nani atasoma maelezo yako. Ukiona chumba hakikupi amani, omba mkae kwingine kabla hujaanza kueleza.