Nasaba na Fungu la Mtu

Wataalamu wa elimu-jamii wanaochunguza tofauti za hali baina ya watu hutuhimiza tusitazame mali peke yake, bali na nasaba, kwa kuwa aghalabu jina ambalo wenye nguvu humpachika mtu ndilo huamua fungu lake. Na sisi wa Kwedizinga, wilayani Handeni, Tanzania, hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi. Wazigua waliotolewa nchi hii katika karne ya 19, zama za njaa kuu, wakauzwa utumwani Somalia, walitoroka wakafanya maskani kando ya mto Juba, wakaihifadhi lugha yao kizazi baada ya kizazi. Lakini, kama alivyobainisha Catherine Besteman katika kitabu chake cha mwaka 1999, watu wa bonde lile walidharauliwa kwa asili yao ya utumwa, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Somalia dhuluma ikawaelemea kuliko wengi. Baadhi walikimbilia kwetu, na mwaka 2003 wakapewa makazi Chogo, wilayani humu, kisha wakafunguliwa mlango wa uraia wa Tanzania.

Undugu wa lugha baina yetu na wao ni neema, ila haushibishi. Nawasihi madiwani wetu: katika ardhi, shule na maji, ndugu zetu hawa wa Chogo wahesabiwe sawasawa na wenyeji.