Kukubali Kusahihishwa



Wiki mbili zilizopita, hapa Isiolo, mama mmoja alimwondoa bintiye chuoni kwa kuwa nilimrudisha mara tatu kwenye herufi dhwadi mbele ya wenziwe. “Maalim, umemwaibisha mwanangu,” alisema. Niliudhika. Nilipotulia, nikazikumbuka habari za Angella Okutoyi, mchezaji tenisi wetu.

Binti huyu alizaliwa mwaka 2004, akalelewa na bibi yake Nairobi pamoja na pacha wake, kwani mama yao alifariki walipozaliwa. Julai 2022, yeye na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi walitwaa taji la wasichana la Wimbledon, mchezo wa wawili wawili. Katika fainali walipoteza seti ya kwanza 3-6, wakashinda ya pili 6-4, na ya kuamua 11-9.

Zingatieni jambo moja. Kwa miaka mingi kanuni za tenisi zilimkataza kocha kusema na mchezaji wake mchezo ukiendelea. Aliyepoteza seti wakati huo alisalia na yale aliyoyapokea mazoezini tu: shika raketi hivi, sogeza mguu, rudia tena. Aliyekuwa akinuna kila aliporekebishwa huingia kiwanjani mikono mitupu, hata awe na kipaji kiasi gani.

Wala kocha si mmoja maisha yote. Okutoyi alitoka mikononi mwa walimu wa Nairobi, akafika Chuo Kikuu cha Auburn, Marekani. Kila mwalimu mpya hukuta mazoea ya kunyoosha, na bingwa hulazimika kuwa mwanafunzi upya. Mwaka 2024, mjini Accra, alishinda dhahabu ya Michezo ya Afrika.

Tabia hiyo huanzia nyumbani. Mtoto anayetetewa katika kila kosa hujifunza kwamba mwenye kumsahihisha ni adui yake. Lakini mwalimu naye ana wajibu: kocha hodari hurekebisha mkono, hamvunji moyo mwenye mkono.

Basi nilikwenda nyumbani kwao. Niliomba radhi kwa mahali nilipomsahihishia, si kwa kumsahihisha. Mama akanikaribisha chai, tukaelewana. Jumamosi binti alirudi. Dhwadi bado haijakaa sawa. Sasa tunairudia wawili, kando, kabla wenziwe hawajafika.

Wabillahi tawfiq.