Marekani: Orodha ya kungojea chuo kikuu si foleni, familia zipange mapema

Mwishoni mwa mwezi wa tatu, vyuo vikuu vya Marekani vinavyochagua sana wanafunzi, kama vile Harvard, Yale na Princeton, hutoa majibu. Mbali na « ndiyo » na « hapana », kuna jibu la tatu: mwanafunzi anawekwa kwenye orodha ya kungojea. Kwa familia za Wakongomani waliofika huko kama wakimbizi, na kwa vijana wanaoomba nafasi wakiwa Goma, Bukavu ao Kinshasa, jibu hilo ndilo gumu zaidi kufahamu.

Wengi wanalichukua kama foleni: wa mbele akiondoka, wa nyuma anasogea. Haiko hivyo. Vyuo vingi havipangi majina hayo kwa namba. Chuo hukubali wanafunzi wengi kuliko viti vyake, kikijua kwamba wengine watakwenda kwingine. Kwa kawaida, tarehe 1 mwezi wa tano ndiyo mwisho wa kuchagua. Kisha hapo, chuo huhesabu viti vilivyobaki na kutafuta wa kuziba pengo: labda mwanafunzi wa uinjinia, labda wa jimbo fulani. Pengo likikosekana, hakuna anayeitwa. Chuo Kikuu cha Michigan kimewahi kuweka watu zaidi ya 10 000 kwenye orodha kama hiyo kwa mwaka mmoja.

Kwa hiyo orodha hiyo inalinda chuo kwanza, si mwanafunzi. Anayengojea bila kuchagua pengine anaweza kufika mwezi wa nane bila shule.

Hatua ya kwanza ni kushika nafasi katika chuo kilichomkubali na kulipa malipo ya kwanza kabla ya tarehe 1 mwezi wa tano. Kufanya hivyo na kubaki kwenye orodha ya chuo kingine si udanganyifu. Lakini akiitwa na kuhama, malipo hayo kwa kawaida hayarudishwi.

Ya pili ni kujibu chuo kwamba bado anataka kungojea, asiyejibu huondolewa. Pale chuo kinaporuhusu, barua moja fupi inasaidia. Itaje matokeo mapya ya masomo, kazi anayofanya kisha masomo, ao mzigo wa nyumbani, kama kulea wadogo zake na kutafsiria wazazi hospitalini. Aseme kwamba atakuja akiitwa, ikiwa ni kweli. Simu za kila juma kutoka kwa wazazi hazisaidii.

Ya tatu ni pesa, na hapo ndipo familia nyingi zinaumia. Vyuo vingine havitazami uwezo wa familia vinapochagua mara ya kwanza, ila vinautazama vinapochagua kwenye orodha ya kungojea. Anayeitwa mwezi wa sita anaweza kupewa siku chache tu za kujibu. Aulize kwanza kiasi cha msaada, kwa maandishi. Mwenye green card anaweza kujaza fomu ya FAFSA na kuomba Pell Grant, ambayo kwa mwaka wa masomo 2025-2026 haipiti dola 7 395. Anayeomba akiwa Congo bila karatasi za Marekani hana haki hiyo, na bado atahitaji fomu ya I-20 na mahojiano ya visa kabla masomo kuanza.

Mlango haufungwi mwaka huo. Mwanafunzi anaweza kuanza katika « community college », ambako ada iko chini, kisha kuhamia chuo kikubwa. Chuo Kikuu cha California hupokea wengi kwa njia hiyo, na Princeton ilianza tena kupokea wanaohamia mwaka 2018.

Mzazi anayetaka kujua uzito wa orodha ya chuo fulani atafute hati yake ya Common Data Set. Vyuo vingi huonyesha humo ni wangapi waliowekwa kwenye orodha na wangapi walioitwa.