Ukuta wa duka nao unauza

Swali la wiki hii limetoka kwa wamama wanaouza pamoja katika butiki moja ndogo. Mmoja wao alisafiri Lubumbashi, akaona katika maduka ya vifaa vya simu zile mbao za ukutani zenye mifereji ya kulala. Kulabu zimechomekwa ndani ya mifereji, vitu vinaning'inia toka chini hadi juu. Sasa wanauliza: tutoe pesa ya sanduku tununue?

Ubao huo kwa kawaida ni nyuzi za mti zilizoshindiliwa na gundi. Mara nyingi una urefu wa kama mita 2.4 na upana wa mita 1.2, na mifereji inaachana kama sentimita 7 na nusu. Kulabu inaingia mfereji wowote. Leo unatundika soksi za watoto, kesho unahamisha, unaweka vikombe, bila kupiga msumari mpya.

Zamani haukuwa na kazi. Reli ilifika Bukama mwaka 1918, na mwaka 1928 ikaendelea kupitia Kamina hadi Ilebo. Maduka ya wakati ule yalikuwa ya kaunta: mwenye duka amesimama, bidhaa ziko nyuma yake, mteja anaonyesha kwa kidole. Ulaya na Marekani pia ilikuwa hivyo, mpaka mwaka 1916, Clarence Saunders alipofungua huko Memphis, Marekani, duka la Piggly Wiggly ambamo mteja alijichukulia vitu mwenyewe. Bidhaa ikalazimika kujitangaza. Baadaye zikaja mbao za vitundu, kisha hizi za mifereji.

Sisi tunalijua jambo hilo bila kufundishwa. Mama akishagusa kitenge, bei inaanza kuzungumzwa. Kitenge kilichokunjwa ndani ya sanduku, nani atakiuliza?

Lakini pesa ya sanduku la msaada, hapana. Ile ni ya mgonjwa, ya uzazi, ya msiba. Tena ubao wa namna ile ukilowa unavimba na kubomoka, na mabati yetu mengi yanavuja mvua ikianza Oktoba. Mfereji usiotiwa chuma ndani unapasuka ukiutundikia kitu kizito. Kuna gharama ya safari pia. Ubao mpana hivyo juu ya treni unaweza kufika umevunjika pembe.

Mwiteni seremala wa hapa. Asimamishe nguzo mbili au tatu, azifunge juu kwenye boriti ya paa, kwa sababu ukuta wa matofali mabichi haushiki msumari vizuri. Kwenye nguzo apigilie fito za mbao zilizorandwa, aache nafasi ya vidole vitatu kati ya fito na fito. Kulabu mnakunja wenyewe kwa waya mnene, mfano wa herufi S, unakaa juu ya ufito. Chini kabisa pabaki wazi, mchwa wasipate njia ya kujificha, na ufagio upite.

Kwenye usawa wa macho ya mteja, wekeni kinachoacha faida: nguo za mtoto mchanga, meshi za nywele, vitana. Chumvi na sabuni mteja atazitafuta hata zikiwa pembeni. Mafuta na mifuko ya unga vibaki chini. Na anayeuza mihogo kwa mafungu sokoni asihangaike na haya. Fungu lililopangwa vizuri linatosha.

Jambo moja nasisitiza. Kulabu iliyotokeza kwenye usawa wa uso wa mtoto wa miaka mitatu ni hatari kwa macho yake. Kunjeni ncha irudi ndani, na upande wa chini msitundike kitu. Watoto wetu tunakuja nao dukani.

Anzeni na sehemu moja tu, karibu na mlango, ambako anayeuza peke yake anaweza kuiona akiwa amebeba mtoto mgongoni. Muda wa mwezi mmoja, andikeni katika daftari kila kilichouzwa toka kwenye kulabu. Faida ya hapo ndiyo imlipe seremala sehemu ya pili.